Ferry Porsche: kati ya gari ya ajabu na gari ya kila siku

Huku kwetu, mtu akitaka kununua gari, swali la kwanza siyo mbio. Anauliza: piesi zinapatikana? Fundi wa hapa anaijua? Ikilala njiani usiku, nani ataiamsha? Gari inaweza kuwa nzuri sana kwenye picha, lakini kama hakuna fundi mwenye kuijua, siku moja itasimama kwenye parsele na kuku wataanza kutaga ndani.

Tunafikiri swali hilo ni letu sisi wa barabara mbaya. Sivyo. Mtu ambaye jina lake liko kwenye magari ya mbio yanayotamaniwa na vijana wa dunia nzima aliishi na swali hilohilo tangu ujana mpaka uzee. Anaitwa Ferdinand Anton Ernst Porsche, lakini watu wote walimuita Ferry. Alikufa mwaka 1998.

Wengi wanamchanganya na baba yake, Ferdinand Porsche, aliyechora ile Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kuviringana, Coccinelle. Lakini gari ya kwanza yenye jina la familia hakuitoa baba. Aliitoa mwana, kisha vita, akiwa hana franga, hana kiwanda, na baba yake yuko gerezani. Na kwa wakati uleule, kwenye meza ileile, alikuwa anachora gari nyingine ya ajabu kabisa. Mbili hizo tuziangalie vizuri, juu maisha yake yote yamo ndani yao.

Mtoto aliyekulia kati ya moteri

Ferry alizaliwa tarehe 19 Septemba 1909 kwenye mji wa Wiener Neustadt, Austria. Baba yake alikuwa mkubwa wa ufundi kwenye kampuni ya Austro-Daimler. Siku mtoto alipozaliwa, baba hakuwa nyumbani. Alikuwa kwenye mashindano ya magari huko Semmering, na habari ya mtoto ilimfikia kwa telegramu. Nyumba ile ilikuwa hivyo: moteri kwanza, mengine yatafuata.

Alipokuwa na miaka kumi na kitu, baba alimpa gari ndogo ya kweli, yenye moteri ya silinda mbili. Miaka michache kisha hapo familia ilihamia Stuttgart, Ujerumani, juu baba alipata kazi kwenye kampuni ya Daimler. Kijana alijifunza kazi kwenye karakana ya Bosch, na kwenye meza za wachoraji wa baba yake. Shule yake kubwa ilikuwa mafuta kwenye mikono.

Mwaka 1931 baba alifungua ofisi yake mwenyewe ya kuchora magari, palepale Stuttgart. Walikuwa watatu wenye hisa: baba, mkwe wake Anton Piëch aliyekuwa mwanasheria, na Adolf Rosenberger, mfanyabiashara na dereva wa mashindano, aliyeleta franga. Ferry aliingia humo akiwa na miaka 21. Ofisi ile haikuwa na gari yake. Ilikuwa inachorea watu wengine.

Mwaka 1934 serikali ya Hitler iliwapa kazi ya kuchora gari ya bei ndogo kwa raia. Magari ya kwanza ya majaribio yalitengenezwa ndani ya garaji ya nyumba ya familia. Ferry alipewa kazi ya kusimamia majaribio ya barabarani. Mwaka 1936 magari matatu yalitembezwa kilomita 50,000 kila moja, milimani na barabara kubwa. Zilikuwa zinavunjika, zinatengenezwa, zinavunjika tena. Kila kilichokatika kiliandikwa na kuchorwa upya. Huko njo Ferry alijifunza gari ya kila siku ni kitu gani: ni ile iliyovunjika mara mingi mikononi mwa wenye kuitengeneza, ili isivunjike mikononi mwa mwenye kuinunua.

Jambo lisilofaa kufichwa

Kabla ya kuendelea, tuseme na upande wa giza. Mara mingi habari za watu wakubwa wa magari zinaruka miaka hiyo kama gari inavyoruka shimo.

Adolf Rosenberger, yule aliyeleta franga, alikuwa Muyahudi. Wanazi walipochukua utawala, aliachia uongozi. Mwaka 1935 hisa zake, asilimia 10 ya kampuni, zilichukuliwa kwa bei iliyoandikwa kwenye karatasi, chini sana ya bei yake ya kweli. Mwenye kuzipokea alikuwa Ferry. Mwaka huohuo Rosenberger alikamatwa na kutiwa kwenye kambi ya Kislau. Alitoka, akakimbilia Ufaransa, kisha Marekani, na huko njo alikufia. Kisha vita alishitaki, na mwisho alipewa marki 50,000 na gari moja. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa kwenye habari ya kampuni.

Ferry mwenyewe aliingia ndani ya kundi la SS. Baadaye alieleza kwamba ilikuwa heshima aliyopewa tu, lakini wachunguzi wa historia wameonyesha kwamba aliomba yeye mwenyewe. Na wakati wa vita, wakati baba alikuwa kwenye kiwanda kikubwa cha Volkswagen, Ferry njo alikuwa anaongoza kazi ya Stuttgart. Huku na huku walitumika watu waliolazimishwa, waliotolewa kwa nguvu Poland na inchi zingine.

Sisi wa mashariki ya Kongo tunajua kazi ya kulazimishwa ni nini. Kwa hiyo tunaposoma habari ya gari nzuri, tusome na mikono iliyojenga nyumba ilimotoka.

Gmünd: jengo la mbao, na baba gerezani

Mwaka 1944 mabomu yalikuwa yanaanguka Stuttgart. Ofisi ilihamishiwa Gmünd, kijiji cha milima ya Karinthia, Austria, ndani ya jengo la zamani la kupasulia mbao. Vita ilipokwisha, mafundi waliobaki huko hawakuwa na gari ya kuchora. Walitengeneza trakta za wakulima, pampu za maji, na vyombo vya shamba. Kazi ya kuvumilia.

Mwisho wa mwaka 1945 Wafaransa waliwakamata baba, Anton Piëch na Ferry. Baba na Piëch walishitakiwa juu ya mambo yaliyofanyiwa kiwanda cha Peugeot na wafanyakazi wake wakati wa vita. Ferry aliachiliwa mwaka 1946. Wale wawili walibaki, na mwisho wakafungwa kwenye gereza la Dijon. Baba alikuwa amepita miaka 70, na afya ilikuwa inashuka.

Ferry alirudi Gmünd, akashika kazi pamoja na dada yake Louise, bibi ya Piëch. Mmoja ana baba gerezani, mwingine ana baba na bwana. Wafaransa walitaka dhamana ya faranga milioni 1. Kwenye jengo la mbao, kwa kazi ya pampu na trakta, pesa kama hizo zingetoka wapi?

Gari ya ajabu ilikuja kumtoa baba

Zilitoka Italia. Kwenye mji wa Torino kulikuwa tajiri mmoja, Piero Dusio, mwenye kampuni iliyoitwa Cisitalia. Dusio alitaka gari ya mashindano itakayowashinda wote, bila kuangalia bei. Kazi hiyo aliwapa watu wa Gmünd.

Ferry na wachoraji wake walitoa gari namba 360. Kwa wakati ule ilikuwa kama ndoto. Moteri ilikuwa ndogo, litre moja na nusu, lakini yenye silinda 12 zilizolala, sita huku na sita kule, na mashini ya kusukumia upepo ndani. Moteri haikuwekwa mbele, iliwekwa nyuma ya mgongo wa dereva. Na dereva alipotaka, nguvu ilikwenda kwenye magurudumu yote manne. Mwaka 1947 hayo hayakuwa mambo ya kawaida.

Franga za Dusio zililipa dhamana. Tarehe 1 Agosti 1947 baba na Piëch walitoka gerezani. Mwaka uliofuata mashitaka yao yalianguka. Baba aliporudi Gmünd, alikaa na kuangalia michoro ya gari ile. Alimwambia mwana kwamba naye angeichora vilevile.

Kwa hiyo tusidharau gari ya ajabu. Ile moja ilimtoa mzee gerezani.

Lakini tufuate na mwisho wake. Gari ile ilimeza franga za Dusio mpaka kampuni yake ikayumba. Alikwenda Argentina kutafuta bahati, na gari ikavuka bahari. Haikukimbia ata Grand Prix moja. Miaka ilipita, magari mengine yakazaliwa, yenyewe ikabaki jina kubwa bila mashindano. Ilijua kila kitu isipokuwa kutembea.

Na gari ya kila siku ilianza kwa piesi za wengine

Wakati huohuo, kwenye jengo lilelile, Ferry alikuwa na fikra nyingine. Wakati wa vita alikuwa na Volkswagen iliyoongezwa nguvu, na alikuwa ameona kwamba gari ndogo, nyepesi, yenye nguvu ya kutosha, inapendeza kuendesha kuliko gari kubwa nzito. Sasa alijiuliza kama anaweza kuuza kitu kama hicho.

Hakuwa na franga za kutengeneza moteri yake. Alichukua moteri ya Volkswagen, akaongeza nguvu yake kufika farasi 35. Freni za Volkswagen. Usukani wa Volkswagen. Vitesi vya Volkswagen. Juu yake alitia karoseri ya aluminiamu iliyogongwa kwa mkono, wazi, ya watu wawili. Uzito kilo 585, mbio kilomita 135 kwa saa. Tarehe 8 Juni 1948 serikali ya Karinthia iliipa ruhusa ya kutembea barabarani. Ilikuwa namba 356, Porsche ya kwanza. Mwezi uliofuata binamu wa Ferry aliipeleka kwenye mashindano ya mjini Innsbruck, akashinda kwenye kundi lake.

Hapo Ferry alifanya jambo linaloonyesha akili yake. Ile gari ya kwanza ilikuwa na moteri katikati, nyuma ya viti, sawa ile ya Dusio. Kwa mashindano ni fasi nzuri sana, uzito unakaa vizuri. Lakini moteri ikikaa pale, hakuna fasi ya mtoto, hakuna fasi ya valizi, na shasi yake inaomba kazi mingi na bei kubwa. Kwa magari ya kuuza, Ferry alirudisha moteri nyuma kabisa, sawa Volkswagen. Alipoteza kidogo kwenye kona, akapata kiti kidogo cha nyuma na fasi ya mizigo. Alichagua mtu atakayekwenda nayo kazini Jumatatu, siyo tu yule atakayekimbia nayo Jumapili.

Gari ya kwanza yenyewe iliuzwa Uswisi kwa faranga 7,000 za Uswisi, juu franga zilihitajika. Mwezi wa Septemba 1948 walipatana na Volkswagen: Volkswagen itatoa piesi, wauzaji wake watauza na kutengeneza magari ya Porsche, na kila Coccinelle inayouzwa italeta kiasi kidogo kwa familia, juu baba njo alichora. Coccinelle ziliuzwa kwa mamilioni. Hesabu mwenyewe.

Angalia vizuri mapatano hayo. Mtu aliyenunua Porsche hakununua kitu cha kigeni kisicho na mwenye kukijua. Ikikatika kitu, fundi wa Volkswagen wa mji wake aliishajua nyumba ile ya moteri. Njo maana gari ndogo ya watu maskini wa jengo la mbao iliishi.

Stuttgart tena

Huko Gmünd walitengeneza kama magari 50 tu. Mwaka 1950 Ferry alirudisha kazi Stuttgart, kwenye sehemu ya Zuffenhausen. Kiwanda chao kilikuwa kimeshikwa na Wamarekani, kwa hiyo walipanga fasi kwa Reutter, mtengenezaji wa karoseri. Mwezi wa Septemba mwaka ule baba alitimiza miaka 75, wakampa 356 nyeusi. Tarehe 30 Januari 1951 alikufa. Gari yake haikutiwa kwenye kioo. Ilirudishwa kwenye majaribio, ikaendelea kutembea.

Mwezi wa Juni mwaka huohuo 356 ya aluminiamu ilikwenda Le Mans, Ufaransa, mashindano ya saa 24, na ikashinda kundi la moteri ndogo. Marekani walianza kuiomba. Mpaka ilipoachwa mwaka 1965, zaidi ya 356 elfu 76 zilikuwa zimetoka.

Mzani ulirudi mara mingine

Mtu angefikiri kwamba Ferry aliishamaliza swali lake. Lakini mwenye kutengeneza magari ya mbio anavutwa kila siku na ile ya ajabu. Ilirudi kwake mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa Formula 1. Mwaka 1962 Porsche ilitengeneza gari ya silinda 8. Tarehe 8 Julai, huko Rouen, Mmarekani Dan Gurney alishinda Grand Prix ya Ufaransa. Wiki moja baadaye alishinda tena Solitude, karibu na Stuttgart, mbele ya watu wa nyumbani. Kampuni nyingine ingecheza ngoma na kuendelea. Mwisho wa mwaka Ferry alifunga kazi ile. Ilikuwa inakula franga mingi, na hakukuwa kitu ndani yake ambacho mnunuzi wa gari ya barabara angefaidika nacho. Wakati huo kampuni ilihitaji franga za kununua karakana ya Reutter, na kutoa gari itakayofuata 356.

Gari hiyo ilionyeshwa Frankfurt mwezi wa Septemba 1963. Aliyechora sura yake ni mwana mkubwa wa Ferry, Ferdinand Alexander. Iliitwa 901. Peugeot ikakataa, juu huko Ufaransa namba za tarakimu tatu zenye ziro katikati zilikuwa zake. Porsche ikageuza ziro kuwa moja. Njo jina 911 lilivyozaliwa. Silinda 6, nguvu ya farasi 130, kilomita 210 kwa saa, viti viwili vidogo nyuma. Na wale ambao bei iliwashinda walitengenezewa 912, yenye moteri ya silinda 4.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1969. Ferdinand Piëch, mtoto wa dada yake Louise, alikuwa mkubwa wa ufundi, naye alikuwa na njaa ya kushinda Le Mans yote, siyo kundi dogo. Sheria ilitaka magari 25 ya namna moja. Mwezi wa Aprili, 25 yalipangwa mstari mbele ya kiwanda: Porsche 917, silinda 12, bei marki 140,000. Miaka minne mbele ya hapo 911 ilikuwa inauzwa marki 21,900. Gari moja ya ajabu kwa zaidi ya sita za kila siku.

Na ilikuwa gari kali kwelikweli. Ikishika mbio ilitaka kuondoka ardhini, madereva wa kazi waliiogopa. Mwingereza John Woolfe alinunua moja kwa franga zake, akaingia nayo Le Mans Juni 1969, na alikufa kwenye duru ya kwanza. Mafundi walirekebisha mkia wake. Mwaka uliofuata Ferry njo aliyeshusha bendera ya kuanzisha Le Mans, na 917 ikashinda, ushindi wa kwanza wa Porsche kwa jumla. Ushindi huo uliuza 911 mingi kuliko tangazo lolote. Lakini Ferry aliishaona bei yake: franga, ugomvi ndani ya familia, na mtu aliyekufa. Mwaka 1972 familia ilitoka kwenye uongozi wa kila siku. Ferry alibaki mwenyekiti wa baraza la usimamizi.

Mara ya tatu ilikuwa 959, iliyouzwa kuanzia miaka ya mwisho ya 1980. Nguvu ya farasi 450, 4x4 inayosimamiwa na kompyuta, mbio za kupita kilomita 310 kwa saa, bei marki 420,000. Karibu 300 tu zilitoka, na inajulikana kwamba kampuni ilipoteza franga kwa kila moja. Mbele ya hapo, mwaka 1986, ilikuwa imeshinda Paris-Dakar, ya kwanza na ya pili. Kisha kitu kikatokea ambacho hakikutokea kwa gari ya Dusio: akili yake ilishuka. Mwaka 1988 ilitoka 911 ya magurudumu manne, yenye kujifunza kutoka kwa 959. Gari ya ajabu ilikufa, lakini iliacha mtoto anayetembea.

Safari, Afrika Mashariki

Sisi wa upande huu tuna kumbukumbu moja ya kuweka hapa. Kwenye mashindano ya Safari, huko Kenya, 911 ilikuja kutafuta taji. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Uswidi alimaliza wa pili. Aliyemshinda ni Joginder Singh wa Kenya, na Mitsubishi Lancer. Mwaka 1978 waliinua 911 juu ya matairi, wakaifunga chuma chini ya tumbo, Vic Preston mdogo wa Kenya akaiendesha. Wa pili tena. Ya kwanza ilikuwa Peugeot 504.

Ndiyo, 504. Ilikuwa kupe yenye moteri kubwa ya silinda 6, siyo ile ya teksi ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Lakini jina ni lilelile. Matope hayaulizi bei.

Uzee, na swali lililobaki

Miaka ya 1970, wakubwa wa kampuni walitaka kuacha 911. Waliona imezeeka, wakatoa 928, kubwa, yenye moteri mbele. Wateja walikataa. Mwaka 1981 alikuja mkurugenzi mpya, Peter Schutz, akaamua 911 iendelee. Mzee Ferry alifurahi, na historia ikawapa haki: mwaka 2017 911 ya milioni moja ilitoka kiwandani.

Ferry hakuiona. Alikufa tarehe 27 Machi 1998 huko Zell am See, Austria, akiwa na miaka 88. Alizikwa kwenye shamba la familia, karibu na baba yake. Mwaka huohuo kiwanda kilifunga 911 za mwisho zilizopozwa kwa upepo, namna ya moteri iliyokuwa imetoka moja kwa moja kwenye Volkswagen.

Tuseme ukweli: kwa mkaaji wa Bukavu, Goma ao Bunia, 911 yenyewe ni gari ya ajabu. Bei yake leo inajenga nyumba, na ikipita kwenye mawe yetu italia. Neno kila siku lina maana tofauti kulingana na barabara ya mtu. Hatusemi fulani akanunue Porsche.

Lakini mzani wa Ferry unaweza kubebwa. Mashini ya ajabu ina kazi yake: inaleta jina, inafundisha mafundi, na siku moja ilileta franga za kumtoa baba gerezani. Yule mwenye kuikataa kabisa anajidanganya. Ila haiwezi kulisha nyumba. Kilicholisha nyumba ni ile yenye piesi zinazojulikana, kiti cha mtoto, na fundi katika kila mji. Ferry alijua kupokea franga za moja, na kuweka maisha yake juu ya nyingine. Na kila mara ya ajabu ilipotaka kuchukua nyumba yote, alijua kusema basi.

Leo kampuni ina nyumba ya makumbusho huko Zuffenhausen. Gari ya Dusio iko, yenye silinda zake 12, safi, bila Grand Prix ata moja. Na 356 namba moja kampuni iliitafuta na kuinunua tena. Wakati ilipouzwa Uswisi ilikuwa imepita mikononi mwa watu mbalimbali, waliyoitembeza, wakaigonga, wakaitengeneza, wakabadilisha hiki na kile. Iliporudi haikuwa tena kama ilivyotoka Gmünd. Ilikuwa imefanya kazi.